Kinachobebeka na kisichobebeka: mpangaji wa nyumba ya umma Tanga akubali ukarabati upi?

Mwezi wa pili tulikuta karatasi imebandikwa ukutani pale ngazi zinapoanzia, juu ya tangazo la mtu anayezibua mabomba. Mwenye nyumba wetu ni taasisi ya umma, sitaitaja. Alikuwa anatuarifu kwamba jengo litafanyiwa "maboresho ya kupunguza matumizi ya nishati" na kwamba kodi "itaangaliwa upya" baadaye. Wapangaji tutoe maoni. Mistari mitano, muhuri, basi.

Mimi ndiye katibu wa wapangaji. Ukatibu wenyewe nilipewa kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Nikachukua daftari, nikapanda na kushuka ngazi siku tatu, kaya kumi na mbili, swali moja: ukiambiwa uchague, nyumba hii ifanyiwe nini joto lipungue na umeme upungue?

Mzee wa chini alinijibu kabla sijakaa. "Katibu, kwanza niambie kodi inapanda shilingi ngapi." Bi mkubwa wa ghorofa ya juu akasema, "Ati wanataka kunipaka chokaa kichwani? Waje hata kesho, mwanangu." Mama mmoja wa katikati alikuwa anapepeta mchele, hakuinua hata macho: "Umeme si upo tele sasa? Bwawa la Nyerere lile wamejenga la nini?" Na kijana wa bandarini, aliyehamia mwaka jana na mkewe, akacheka. "Mimi nipe feni, kaka. Paa siondoki nalo."

Hilo la paa nililala nalo. Nilikuwa nimepanga kulinganisha ukarabati kwa kigezo kimoja tu, upi unaokoa uniti nyingi. Asubuhi yake nikagawa ukurasa mara mbili: kinachobebeka, kisichobebeka. Feni, friji, balbu, jiko, pazia: siku ya kuhama vinapanda kwenye guta pamoja na godoro. Chokaa ya paa, dari, madirisha, nyaya za ukutani, sola iliyofungwa juu: hivyo vinabaki. Vinamfaa atakayekuja, na vinampandishia thamani mwenye jengo. Mpangaji analijua hili hata kama hajawahi kulitamka, ndiyo maana ukimtajia ukarabati wa kuokoa nishati anakuangalia kama unayemuuzia bima. Kuokoa anapenda. Anachotaka kujua ni nani analipa na nani anakula nafuu.

Wanasema Tanga waja leo waondoka leo. Labda kwa wageni. Mpangaji wa nyumba ya umma huja leo akaondoka baada ya miaka thelathini, na wengine hutolewa wamebebwa. Kwa hiyo hata hayo mafungu mawili hayana maana ile ile kwa kila mlango. Kwa kijana wa bandarini paa ni la mwenye nyumba. Kwa bi mkubwa, aliyeingia pale akiwa na mtoto mgongoni na sasa ana vitukuu, paa ni lake, karatasi ziseme zitakavyo.

Jambo jingine la kuweka wazi mapema: nyumba za umma hapa mjini si za mwenye mmoja wala si za umbo moja. Ziko za Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa 1962. Ziko zilizotaifishwa 1971 zikawa chini ya Msajili wa Majengo, hadi 1990 alipounganishwa na shirika hilo. Ziko za Wakala wa Majengo, za halmashauri, na za taasisi zinazowapangisha watumishi wake. Majengo ya zamani ya mjini kati yana kuta nene na dari ya juu, na upepo una njia yake. Maghorofa ya miaka ya baadaye ni matofali ya saruji na paa bapa la zege. Halafu kuna vile vijumba vya bati. Fundi akikwambia ana dawa moja ya zote, mpe chai, muagane salama.

Kabla ya paa, mita

Kabla hujamruhusu mtu apande juu, kasome LUKU yako, mita ya umeme wa kulipia kabla, ya miezi mitatu. Nimeona watu wakibishana kuhusu sola huku hawajui wako kundi gani la bei.

Kwa bei zilizoanza 2016, mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, na akizidi, kila uniti ya ziada ni 350. Kundi la kawaida, ambalo wengi wetu wa mjini tumo, ni shilingi 292. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya nishati vijijini asilimia 3 na ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, asilimia 1, unafika kama 122 kwa mdogo na 356 kwa mkubwa. Ndiyo sababu elfu kumi yako inatoa uniti 28, na jirani aliye kundi dogo anapata 75 zake kwa elfu tisa na kidogo.

Tazama sasa kinachotokea. Mama wa mchele anatumia uniti 98 kwa mwezi, tumezihesabu pamoja: friji la zamani 54, feni ya dari 22, na zilizobaki ni taa, televisheni na pasi. Ni kama 34,900. Akipata friji dogo la kisasa la kama uniti 27 kwa mwezi, na feni mpya ya uniti 9, anashuka hadi 58. Akibaki kundi lile lile analipa 20,600. Akiomba akahamishiwa kundi dogo na kukubaliwa, analipa kama 7,100. Kwake, basi, ukarabati bora kuliko wote ni ule unaomvusha mstari wa 75 kwenda chini, hata kama uniti zenyewe zilizopungua ni arobaini tu.

Na hapo nikamjibu la bwawa. Bwawa la Julius Nyerere ni megawati 2,115, ni kweli. Sisi wa Tanga tuna na Hale ya megawati 21 tangu 1964, na Pangani mpya ya 68 tangu 1995. Lakini wingi wa maji bwawani haubadilishi kinachokatwa ukiingiza namba kwenye mita yako.

Kuna nyumba, hasa hizi za vyumba vyumba za mjini kati, ambazo familia nne zinachangia LUKU moja. Hawa nawaambia waziwazi: msizungumze chokaa, msizungumze sola, ombeni mita. Kila familia ikitumia uniti 40, mita ya pamoja inasoma 160, na kwa bei ya kawaida kila mmoja anachangia kama 14,200. Kila mmoja akiwa na mita yake na akaingia kundi dogo, ni kama 4,900. Hakuna feni wala rangi itakayokupa tofauti hiyo. Hata ugomvi wa nani alipiga pasi usiku wa manane unakwisha. Mita haibebeki, lakini huyu ni ndugu wa kisichobebeka ambaye mpangaji hamkatai, maana nafuu yake haipiti mikononi mwa mtu mwingine.

Kutoaminiana kwenyewe kuna chanzo. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU, na anayeingiza namba ni mpangaji ingawa mwenye jengo ni mwingine. Mtu aliyeona mzigo wa mwenye nyumba ukishuka kwenye mita yake mara moja, ukimwambia "tutakukarabatia, utalipa kidogo kidogo", atakunja uso. Mzee wa chini alilisema kwa ufupi: "Kodi hupanda ngazi. Haijui kushuka."

Paa au feni

Huu ndio uamuzi wenyewe kwenye majengo mengi, na ndipo majirani wangu walipogawanyika kama mpira wa Coastal na African Sports.

Ghorofa ya juu yetu ina paa bapa la zege. Zege halina haraka. Linakunywa jua kutwa nzima na kulirudisha taratibu likiwa limeshazama, hivyo saa tisa alasiri chumba kinavumilika, saa tatu usiku ndipo kinapochemka. Bi mkubwa alinishika mkono akanipeleka chumbani kwake, akaniambia panda juu ya kiti, gusa. Nikagusa dari kwa kiganja. Ilikuwa saa mbili na nusu usiku, na dari ilikuwa na uvuguvugu wa mgongo wa ng'ombe. Juu ya kabati kulikuwa na mshumaa wa kusubiria umeme ukikatika. Haujawahi kuwashwa, lakini ulikuwa umeinamisha kichwa kama mtu anayesinzia msikitini.

Feni kwa hali hiyo inafanya nusu ya kazi. Inapeperusha hewa, jasho linakauka, mwili unapoa. Lakini joto la dari linakushukia moja kwa moja kama la mkaa, feni ikiwaka isiwake. Wa juu wanajua hili kwa ngozi. Hununua feni ya pili, ya tatu, mwisho wanalala sakafuni kwenye vigae.

Rangi nyeupe juu ya paa inakata tatizo kwenye shina. Paa jeusi la lami au zege lililochakaa hupata moto kiasi cha kutoweza kukanyagwa peku. Likiwa jeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua lilikotoka, na zege halipati cha kunywa. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni rangi maalumu nyeupe inayozuia na maji pia, ghali, lakini paa likisafishwa vizuri kabla yake hudumu miaka kadhaa. Ya pili ni chokaa, na chokaa Tanga si kitu cha kuagiza, viwanda viko upande wa Amboni. Maji, chokaa, chumvi kidogo ishike, mikono mitatu myembamba badala ya mmoja mzito. Ubaya wake ni masika: mvua ya Aprili na Mei huiosha, na kila mwaka unarudia. Nyeupe yoyote ile ikishika vumbi na ukungu nguvu zake hupungua, kwa hiyo mkataba usiotaja usafishaji ni mkataba wa mwaka mmoja.

Sasa feni. Feni ya dari ya kawaida hula kama wati 75 ikiwa kasi ya mwisho. Iwashe saa kumi kila siku, mwezi unatoka uniti 22 na nusu, kama shilingi 8,000. Zile mpya za mota isiyo na brashi hula wati 30 hivi: uniti 9, shilingi 3,200. Unabakiza 4,800 kwa mwezi. Tuseme umeinunua kwa 120,000, imejilipa baada ya miezi 25, na ukihama unaondoka nayo. Haihitaji kibali cha mtu wala kikao. Kwa kijana wa bandarini, anayekaa ghorofa ya kwanza na huenda akahamishiwa Mtwara mwakani, mjadala umeishia hapo, nami sikumpinga.

Kwa hiyo: wa juu, paa kwanza, feni baadaye. Wa katikati na wa chini, feni, na paa msilipinge. Hilo la kutolipinga lilinipa kazi kuliko chokaa yenyewe. Wa chini walisema, na wana haki, kwamba hawatalipia joto la mtu mwingine. Mwisho tukakubaliana kwamba gharama ikigawanywa, wa juu wabebe zaidi, na wa chini wachangie kile kinachohusu maji tu, maana paa likivuja hata ukuta wao huota ukungu.

Hapa nikakumbuka wenzetu wa Ulaya, ambao kesi hii wanayo ila yao inaanzia kwenye baridi: nyumba zao hufungwa kuta na paa ili joto lisitoke. Ujerumani, sheria inamruhusu mwenye nyumba kuongeza kwenye kodi ya mwaka asilimia 8 ya gharama ya maboresho. Kabla ya 2019 ilikuwa 11. Uholanzi, kwenye jengo la nyumba kumi au zaidi, asilimia 70 ya wapangaji wakikubali pendekezo huhesabiwa kuwa la haki, na asiyeridhika ana wiki nane za kwenda mahakamani. Hata kule malalamiko ni haya haya: kodi, vumbi la mafundi, na ahadi za nafuu ambazo mita haizioni. Sheria zao haziji huku, lakini hesabu zao zinaazimika. Chukua paa la shilingi milioni tatu kwa kaya zetu kumi na mbili: 250,000 kila mmoja. Asilimia 8 yake ni 20,000 kwa mwaka, yaani chini ya 1,700 kwa mwezi. Nilipowasomea majirani takwimu hiyo, watu waliokuwa wamekunja mikono waliikunjua. Walikuwa wanaogopa nyongeza isiyo na namba.

Vipi kuhusu dari? Kwenye vijumba vya bati, dari yenye karatasi ya fedha chini ya bati ni jambo jema kuliko yote niliyoyataja, na kelele za mvua zinapungua. Ila tundu za kutolea hewa lazima ziwepo, na ziwekwe wavu, la sivyo popo watahamia kabla yako. Chini ya zege, dari ya jipsamu inapendeza machoni kuliko inavyopoza. Inapunguza kimo cha chumba na kuiteremsha feni hadi inakaribia kichwa cha mtu mrefu. Mwenye nyumba ataipenda kwa sababu inaonekana kwenye picha. Mwambie aanze juu ya paa.

Dirisha, kivuli na AC

Madirisha nayasemea kwa uchungu. Ukarabati wa siku hizi karibu kila mara huja na madirisha ya aluminiamu ya kusukuma. Yanang'aa, vumbi haliingii, mwizi anapata tabu. Lakini dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu, wakati lile la zamani la vioo vya kupangwa hufunguka karibu lote. Unapunguziwa upepo nusu kwa jina la maboresho, halafu unanunua feni kurudisha ulichonyang'anywa. Kusi likivuma huenda usione tofauti. Subiri maleleji, upepo unaposita kati ya kusi na kaskazi, utaliona. Ukiletewa fomu ya kuchagua, chagua dirisha linalofunguka kama mlango, au baki na la zamani libadilishiwe vioo vilivyovunjika.

Kivuli ni rahisi na watu wanakidharau. Tanga iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini kabisa. Kuta zinazoumia ni za mashariki asubuhi na za magharibi jioni, jua linapokuja chini chini hadi kitandani. Pazia zito la ndani halisaidii sana. Joto limeshapita kioo, unalifunika tu nguo. Kinachosaidia ni kukinga nje: jamvi, chiki, turubai la kukunja barazani. Wajerumani walipojenga hapa pwani walizungushia nyumba zao veranda, na wazee wetu kabla yao walijua baraza na makuti. Jamvi la ukili linabebeka, tena halina fundi. Uliza tu kama mkataba wako unaruhusu kitu kuning'inia nje, maana kwetu hauruhusu bila kibali cha maandishi, na kibali tulikisubiri wiki sita.

AC nimeiacha hapa mwishoni kwa makusudi. Kiyoyozi kidogo kinachovuta wati 900, ukikiwasha saa nane kila usiku, na hata tukisema kinapumzika theluthi ya muda, ni uniti 144 kwa mwezi. Shilingi 51,000. Ule mstari wa 75 unausahau. Za inveta zina nafuu, ila chumba cha juu chini ya zege la moto kitaifanya hata ya inveta ihangaike kama punda wa mlima. Nyumbani kwa mgonjwa au mtoto mchanga sitambishia mtu. Kwa wengine, anayenunua AC kabla paa halijapakwa anapoza zege.

Yaliyobaki, kwa haraka

Balbu: wengi mmeshabadilisha. Ya zamani ya wati 60 kwa saa tano kila siku ni uniti 9 kwa mwezi, ya LED ya wati 9 ni uniti moja na kidogo. Ukiona bado kuna ya zamani ngazini, hiyo ni ya mwenye nyumba.

Friji: jaribu karatasi. Fungia noti kwenye mlango, ikivutika bila kushika, mpira umechoka. Mpira mpya kabla ya friji jipya.

Jiko la umeme la presha linabebeka, na maharage kwangu hayajawahi kumaliza nusu uniti, yaani kama shilingi 180. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania, na mikopo ya majiko inatajwa tajwa. Kinachowazuia majirani ni kwamba ugali haupikiki humo, kwa hiyo mtungi wa gesi unabaki pale pale. Mkaa kwenye kibaraza cha ghorofa ya tatu, ukiacha moshi wake, unaongeza joto lile lile tunalolikimbia.

Sola ya mpangaji mmoja juu ya paa la wote, sishauri. Sola ya taa za ngazi na pampu ya tangi, ndiyo. Gharama hizo zinatugombanisha kila mwezi, na hakuna atakayedai kuondoka na ngazi.

Barua yetu ilisemaje

Tuliandika ukurasa mmoja. Tunakubali paa lipakwe, kabla ya masika, na lisafishwe kila mwaka. Tunataka namba: gharama ni kiasi gani, nyongeza ya kodi ni kiasi gani kwa mwezi, na itakoma lini gharama ikishalipwa. Hatutaki dari ya jipsamu wala madirisha ya kusukuma. Friji na feni ni zetu wenyewe. Saini tisa kati ya kumi na mbili. Mzee wa chini alikataa kutia saini, lakini alinisahihishia tahajia sehemu mbili.

Halafu bi mkubwa akasema barua haitoshi. Akataka jaribio. Mwenye nyumba aliruhusu, kwa mdomo, tupake chokaa nusu ya paa lililo juu yake kwa fedha zetu. Katikati ya Machi, vijana wawili, ndoo na mafagio, asubuhi moja. Chumba chake cha kulala kikawa chini ya nusu nyeupe, chumba cha wajukuu chini ya nusu ya zamani. Akafungua pakiti mpya ya mishumaa, akasimamisha mmoja juu ya kabati kila chumba, akakataza mtu kuigusa.

Baada ya siku kumi aliniita. Wa chumbani kwake ulikuwa umesimama, umeegemea kidogo tu. Wa wajukuu ulikuwa umelala kabisa, ncha ikigusa mbao. Ameufunga kwenye gazeti, akautia ndani ya bahasha ya kaki, na anataka niuambatanishe na barua.